Neno "Kama"

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, sikumwambia mama. Nilirudi nyumbani Agosti na begi moja, nikasema tumefunga. Akanipikia chapati. Usiku stima ikapotea, nikabaki kitandani nikisoma kwenye simu hadithi ya Edgar Allan Poe ya 1839, ile ya kuanguka kwa nyumba ya Usher.

Ikiwa hujaisoma, ni hivi: jamaa anamtembelea rafiki yake wa utotoni, Roderick Usher, anayeugua ndani ya jumba kuukuu kando ya ziwa dogo jeusi. Akifika anaona madirisha ni kama macho. Anaona pia ufa mwembamba ukishuka ukutani, kutoka paani hadi majini. Basi. Mwanzoni hakuna zimwi, hakuna damu.

Hiyo "kama" inatulinda, si ndio? Nyumba ni kama mtu, kwa hivyo si mtu. Unaweza kulala. Lakini Poe anaing'oa polepole. Watu wa pale huita jengo na ukoo kwa jina moja. Roderick anaamini hata mawe yanahisi. Dada yake pacha, Madeline, anazikwa kabla hajafa. Roderick anamsikia siku nyingi na ananyamaza. Mwishowe Madeline anatoka, anamwangukia, wanakufa wote. Msimulizi anakimbia nje, anageuka, anaona ule ufa ukipanuka na jumba likizama ziwani. Ile tuliyodhani ni tamathali ilikuwa taarifa tangu mwanzo. Hofu yangu ilianzia hapo.

Na sisi kwa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa. Nyumba ya mtu ikivunjika, hatuulizi mabati yalienda wapi.

Wageni wakija, mama hunishika bega: "Huyu ndiye nguzo ya nyumba hii." Nilizoea, nikaona ni maneno tu.

Asubuhi, nikinywa chai, nikaona kalenda imetundikwa mahali pa ajabu, chini, karibu na mlango. Nikaiinua. Nyuma yake kulikuwa na ufa wa kuingiza kidole.

"Huu ulianza lini?"

"Machi," mama akasema bila kugeuka.

Machi ndipo niliacha kuingia darasani.

Najua udongo mweusi wa kwetu hupasua kuta kila msimu wa mvua. Najua. Nikarudisha kalenda, nikaketi, nikaiinua tena.

"Mama," nikasema, "chuo hakijafunga."