Barua Zilizopita Marungu: Kuhusu Kumtafuta Babu Mhamiaji wa Kiingereza

Kiswahili huwataja watu wa ukoo kwa kuwatazama kutoka juu. Baada ya mwana huja mjukuu, baada ya mjukuu kitukuu, kisha kilembwe, kisha kining'ina. Kila mmoja ana jina lake kamili, na jina hilo hupimwa kwa umbali wake na yule aliyetangulia. Ni kama kwamba babu ndiye asemaye, naye anawahesabu wanaomfuata. Mtu anayemtafuta babu yake Mwingereza aliyeihama nchi yake hufanya kinyume cha hesabu hiyo. Husimama chini kabisa, pengine bila kujua kama yeye ni kilembwe au kining'ina, kisha huanza kupanda ngazi ya makaratasi.

Vidato vya ngazi hiyo vinajulikana. Katika Uingereza na Wales, serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo mtafutaji hana budi kutegemea daftari za ubatizo na maziko za parokia. Hesabu ya watu hufanywa kila baada ya miaka kumi, na tangu 1841 majina ya wakazi wa kila nyumba yamehifadhiwa. Karatasi za 1931 ziliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 hesabu haikufanywa kwa sababu ya vita. Kwa hiyo familia nyingi zina pengo la miaka thelathini ambalo halikutokana na kosa la mtu yeyote wa familia hizo. Orodha za abiria waliosafiri kwa meli kutoka bandari za Uingereza kwenda nje ya Ulaya zimehifadhiwa Kew, London, nazo ni za miaka ya 1890 hadi 1960.

Kwa mhamiaji aliyeelekea Afrika Mashariki, mwaka huo wa 1890 si jambo dogo. Aliyeondoka kabla yake hayumo katika orodha za abiria. Huonekana kijana katika hesabu ya watu ya 1881, na katika ile ya 1891 hayupo. Ngazi imekatika, na mahali pa kidato kilichokosekana mtafutaji hana cha kushika isipokuwa barua. Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa nasaba inapogeuka kuwa kazi ya mhakiki, apende asipende, kwa sababu cheti husomwa ili kupata tarehe lakini barua haisomeki hivyo. Barua ina msemaji na msemezwa, ina mambo iliyokusudia kuyasema na mengine iliyokusudia kuyaficha, na ina kaida za utanzu wake ambazo asiyezijua atazichukua kuwa tabia ya babu yake.

Mfano ulio karibu zaidi kwa wasomi wa Kenya ni ule wa Joseph Alfred Wray, Mwingereza aliyetumwa na shirika la wamisionari la CMS, ambaye mwaka 1883 alianza kuishi katika mlima wa Sagalla, kusini mwa mahali ambapo baadaye mji wa Voi ulizaliwa. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alimkuta huko mwaka huo huo alipokuwa akielekea Umasaini. Wray hakuwa mtu mashuhuri. Hakuacha kasri kama lile alilojijengea Ewart Grogan huko Taveta miaka mingi baadaye, wala hakuandikiwa wasifu juu ya wasifu. Alichoacha ni barua katika majalada ya shirika lake, kitabu cha sarufi kilichochapishwa mwaka 1894, na kumbukumbu alizoziandika uzeeni kuhusu miaka ya 1882 hadi 1912. Maandishi ya aina tatu, na mtu mmoja. Lakini mtu huyo hafanani katika maandishi hayo matatu.

Barua zake za kazi ni za mtumishi anayemwandikia bwana wake. Majalada ya CMS, yaliyoko sasa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, yanaonyesha jinsi barua za wamisionari zilivyoshughulikiwa tangu 1880: barua ilipofika London ilifupishwa, muhtasari wake ukapelekwa mbele ya kamati, na jibu likanakiliwa katika daftari la barua zitokazo. Kwa hiyo kila barua ilikuwa na maisha mawili, ya asili na ya muhtasari, na mmisionari aliyeandika kutoka mlimani alijua fika kwamba maneno yake yangepunguzwa na karani asiyewahi kuliona jua la Taru. Mwandishi wa namna hiyo huandika kwa kuiwekea kamati mbele yale inayoweza kuyachukua: gharama, ujenzi, idadi ya wanafunzi, maradhi, matumaini. Mjukuu anayesoma majalada hayo akitafuta mapenzi na hofu atayapata kwa nadra, naye asikimbilie kusema kwamba babu yake alikuwa mtu mkavu. Ukavu ule ni wa utanzu.

Kumbukumbu za uzeeni ni jambo jingine kabisa. Jina la kitabu pekee linatosha kuonyesha umbali uliopo. Wray alikiita *Kenya, Our Newest Colony*, yaani koloni letu jipya kuliko yote, ilhali alipopanda Sagalla mwaka 1883 hapakuwa na koloni wala nchi iitwayo Kenya. Ulinzi wa Kiingereza ulitangazwa mwaka 1895, na koloni lilikuja 1920, miaka minane baada ya mwisho wa kipindi anachokisimulia. Mzee anaikumbuka nchi kwa jina ambalo kijana hakulijua. Kila tukio la mwanzo, hata lile lililomshinda wakati huo, husimuliwa kana kwamba lilikuwa likielekea kwenye koloni. Mtafutaji anayeanzia kwenye kumbukumbu kwa sababu zimechapishwa na ni rahisi kupatikana, kisha akazisoma barua kama ushahidi wa kuzithibitisha, ameupindua mpangilio unaostahili: barua ndizo hazikujua mwisho wa hadithi, na kutokujua huko ndiko thamani yake.

Kwa mhamiaji anayesema kwa nafsi yake bila kamati katikati, mfano bora haupo Sagalla. Sayyida Salme binti Said wa Unguja, aliyeondoka mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliacha, mbali na kumbukumbu zake za 1886, barua kwa rafiki wa nyumbani ambazo hazikupelekwa posta na zilichapishwa miongo mingi baada ya kifo chake cha 1924. Huyo alihama kwa njia ya kinyume, kutoka pwani hii kwenda Ulaya, na barua zake zisizotumwa zinasema mengi kuliko zilizotumwa na wengine.

Tatizo la pili ni majina ya mahali. Anayetafuta Sagalla katika maandishi ya Kiingereza ya wakati huo atakosa mengi asipotafuta pia Ndara, jina lililotumiwa na watu wa misafara, na asipojua kwamba Taita iliandikwa Teita. Vivyo hivyo Marungu. Eneo huitwa Marungu. Kituo cha reli na mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa huandikwa Maungu, na ndivyo wasafiri wa karne ya 19 walivyoandika.

Marungu panastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa ndipo kasoro ya maandishi hayo inapoonekana wazi. Msafara uliotoka Rabai ulivuka nyika ya Taru kwa kutegemea maji ya mvua yaliyosalia katika mashimo ya miamba. Kutoka Taru hadi Maungu hapakuwa na maji. Msafara ulipofika chini ya kilima, watu walichoka na mizigo, na maji, kama yapo, yalikuwa juu. Kwa hiyo katika vitabu vya wasafiri Marungu ni swali moja tu: yapo au hayapo? Likishajibiwa, kalamu inasonga mbele kwenda Ndara. Watu waliokuwa na njia zao, mifugo yao na majina yao ya kila bonde la pale hawamo, kwa sababu si wao walioulizwa. Hapa hapahitajiki dhana ya chuki. Mtu mwenye kiu huandika kuhusu maji.

Lakini barua ya Wray kwenda London ilipita njia hiyo hiyo, nayo haikuwa na miguu. Kabla ya reli kufika Voi, barua ilishuka Sagalla kwa mkono wa mtu, ikavuka Marungu na Taru kwa mkono wa mtu, ndipo ikaingia katika meli za barua ambazo tangu 1872 ziliiunganisha Unguja na Aden. Watu hao hawakuandika, na aghalabu hawakuandikwa. Katika maandishi ya namna hii kauli ya kutendwa ndiyo inayowameza: mizigo ilipelekwa, majibu yaliletwa, maji yalipatikana. Hata kitabu cha sarufi cha 1894 kina jina moja tu jaladani, ingawa hakuna mgeni ajifunzaye lugha peke yake. Wray alikiita kitabu cha lugha ya Kitaita, na lugha iliyomo ni ya Sagalla, ambayo wanaisimu huitenga na Kidawida. Jina la jumla lilimtosha msomaji wa London. Maneno yenyewe yalitoka vinywani mwa watu wa mlima mmoja. Kitabu hicho, ambacho mtafutaji wa nasaba angekipita kwa kukiona hakina habari za familia, huenda ndicho hati pekee ambamo babu amekaa pamoja na majirani zake, kwa kuwa kila neno lililomo alilisikia kwa mtu.

Wapo wahamiaji walioacha pungufu ya hayo. Machi 1899 mhandisi aliyeitwa O'Hara, jina lenye asili ya Kiairishi, aliyekuwa akisimamia barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, aliuawa na simba usiku akiwa hemani pamoja na mkewe na watoto wawili. Kaburi lake liko Voi. Masimulizi ya mjane yamehifadhiwa na J. H. Patterson katika kitabu chake cha 1907 kuhusu simba wa Tsavo, na hapo sauti ya mwanamke inafika kwa msomaji ikiwa imepita katika kalamu ya mwindaji ambaye kitabu chake kizima kinahitaji simba wa kutisha. Watoto wale wawili walikuwa na babu zao na huenda walikuwa na wajukuu. Kizazi hicho kinapotafuta mzazi wao, kinampata katika hadithi ya mtu mwingine.

Fasihi ya Kiswahili ina kitabu kinachopaswa kuwekwa rafu moja na kumbukumbu za Wray. James Mbotela, katika *Uhuru wa Watumwa* cha 1934, alisimulia habari za watu waliotekwa, wakaokolewa baharini na kuwekwa Freretown, Mombasa, kijiji cha CMS ile ile iliyomtuma Wray. Baba yake Mbotela alikuwa mmoja wa watu hao. Huyu naye anamtafuta mzazi mhamiaji, ingawa kuhama kwake hakukuwa kwa hiari, na hakuwa na cheti, orodha ya abiria wala barua. Alikuwa na masimulizi ya wazee. Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, ukisomwa kando ya majalada ya Birmingham, utaonekana ujasiri wa jambo moja: Mbotela huwataja kwa majina watu ambao majalada yangewataja kwa idadi.

Idadi ndiyo iliyowapata watu wa Kasigau, kusini mwa Marungu. Mwaka 1915, vita kati ya Waingereza na Wajerumani vilipofika huko, walishutumiwa kuwasaidia Wajerumani wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walikufa ugenini, na waliosalia hawakurudi kwao hadi miaka ya 1930. Wakati huo huo askari wa Kiingereza waliokuwa kambini Voi na Maktau waliandika barua nyumbani, na waliokufa walipewa makaburi yenye majina katika mji wa Voi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa vita hivyo wameacha jina lao katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na jina hilo ni la jeshi zima, si la mtu.

Wataita wa zamani walikuwa na njia yao ya kuhifadhi. Mzee alipozikwa, baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa katika pango la ukoo pamoja na mafuvu ya waliomtangulia, na wazao wake walijua pango ni lipi. Wray aliishi miongoni mwa watu waliojua walipo babu zao kwa kuonyesha kwa kidole, akawahubiria imani ambayo hatimaye iliifuta desturi hiyo. Leo mjukuu wa Mwingereza anaweza kuagiza nakala ya barua ya babu yake akaisoma akiwa nyumbani kwake. Mjukuu wa aliyeibeba barua ile hana pango wala jalada.

Ndiyo maana barua hizo zafaa kusomwa mara mbili. Mara ya kwanza mtafutaji asome kwa ajili ya babu yake: tarehe, afya, fedha, nani kazaliwa na nani kafa. Mara ya pili achukue kalamu ya risasi, apige mstari chini ya kila kitenzi cha kutendwa kuanzia Rabai hadi Sagalla, na penye Marungu, pale maji yalipopatikana, aandike pambizoni: na nani?