MEYA WETU, FUNGUO ZA BABA MKWE

Msomaji wangu, hebu msimamishe mtu yeyote pale Keko Machungwa, muulize meya wa Temeke anaitwa nani. Utaona anavyokuna kichwa. Muulize mwenyekiti wa mtaa, atakupa jina, nyumba anayokaa na saa anayorudi kutoka msikitini. Usidhani ni ushamba. Wenyeviti wa mitaa tuliwapigia kura wenyewe, Novemba 27, 2024. Meya anachaguliwa na madiwani, humo humo ukumbini kwao. Na mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye mafaili na hela? Huyo anateuliwa na Rais. Yaani ni harusi ambayo mahari katoa bwana harusi, lakini funguo za chumba anazo baba mkwe!

Kwa nini binti wa kidato cha nne kama mimi nijisumbue na mambo ya wakubwa? Ni kwa sababu ya randa.

Wasioijua Keko wapite tu barabarani waone masofa, vitanda na makabati yalivyopangwa nje kama yanasubiri daladala. Na sisi tumo. Kikundi chetu ni cha vijana, kinatengeneza masofa. Wenzangu wanapiga mbao, mimi nashona vitambaa (makala hizi naandika usiku). Mashine ya randa hatuna. Kila mbao tunaibeba kwenda kulipia kwa mwenye mashine, na siku akiwa na kazi zake sisi tunapiga soga hadi jioni.

Sasa kuna ule mkopo wa asilimia kumi. Tangu 2018 ni sheria: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, bila riba. Mwanzoni mwa 2023 tukaona mambo si ndiyo haya! Tukaandika katiba ya kikundi, tukafungua akaunti, tukachagua mweka hazina asiyekunywa pombe. Kumpata huyo kulituchukua wiki nzima.

Aprili 2023 redio ikasema Waziri Mkuu Kassim Majaliwa ametangaza bungeni Dodoma kwamba mikopo hiyo inasimama nchi nzima. Kisa, ripoti za CAG zilikuwa zimekuta mikopo isiyorudishwa na vikundi hewa. Sibishi, wajanja walikula, tena wengine walivimbiana matumbo. Lakini hela hizo zinatoka kwenye leseni za biashara, ushuru wa masoko na ushuru wa huduma wa hapa hapa Temeke. Kama kuna halmashauri iliyoharibu, ibanwe hiyo. Mlango ukafungwa kwa wote, na madiwani tuliowachagua hawakuwa na ubavu wa kusema "sisi tunaendelea". Mikopo ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Kwa kijana mwenye miaka ishirini na kitu, mwaka mzima si mchezo. Wawili kati yetu walishaondoka, mmoja anaendesha bodaboda.

Mchezo huu wa kupewa na kunyang'anywa ni wa siku nyingi, waulizeni wazee. Mwaka 1972 ulikuja mpango ukaitwa Madaraka Mikoani, jina tamu kweli, halmashauri zikafutwa! Mijini zikarudi 1978, vijijini 1984. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye akaivunja Halmashauri ya Jiji la Dar, jiji likaendeshwa na Tume ya Charles Keenja hadi 2000, ndipo tukapata manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Wazee wengine wanaisifu Tume mpaka leo, wanasema barabara zilitengenezwa na takataka zikazolewa. Inawezekana. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja tena jiji, Ilala ikapandishwa kuwa jiji, sisi Temeke tukabaki manispaa. Mara zote hizo hakuna aliyekuja Keko kuuliza.

Na Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Wenzetu wa Kenya walipopata katiba ya 2010 walijiwekea kaunti 47, gavana anapigiwa kura na wananchi, na fungu la kaunti limeandikwa humo: lisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Magavana wa kule nao wana vituko vyao, wee acha tu. Lakini gavana akiboronga, mpiga kura anajua nani wa kumnyima kura. Mimi nikikasirika, nimnyime nani? Mkurugenzi hagombei!

Hata kodi ya jengo, ambayo zamani ilikusanywa na manispaa, ilihamishiwa TRA 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Mimi mpangaji nanunua umeme, nakatwa kodi ya nyumba ambayo hata msumari sina ruhusa ya kupigilia.

Juzi fundi wetu mkuu kanifuata na ile bahasha ya makaratasi ya kikundi, imeshaingia vumbi la mbao.

"Dada, wewe ndiye mwandishi. Safari hii tumwone nani? Meya?"

Nikamwambia aanze kwa ofisa maendeleo wa kata. Akavaa shati safi, akaenda.