Mjusi Alipoacha Mkia Wake Kwenye Mkeka Wetu

Wasee, leo sina stori ya siasa wala ya bei ya unga. Leo tuongee kuhusu mjusi. Yule mdogo wa rangi ya uji anayekaa nyuma ya taa ya sebuleni kwenu akijifanya hayupo. Wengine mnamwita mjusi kafiri. Huyo huyo.

Nilirudi Garissa nikiwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imegoma, na ukweli usemwe, mimi pia nilikuwa nimegoma. Basi lilipotoka Madogo na kuvuka daraja la Tana, nilitamani ligeuze. Nyumbani hakuna aliyenigombeza, na hiyo ndiyo iliuma zaidi. Mama aliambia majirani niko likizo. Likizo gani hiyo ya miezi minane?

Nikaanza kulala mchana, juu joto la hapa unalijua, halafu usiku naamka kurekodi video. Nani mwingine anaishi hivyo? Mjusi. Mchana yuko kwenye ufa nyuma ya kabati, giza likiingia anatoka. Nikiwasha taa yangu wadudu wanakuja, naye anafuata. Anatulia kama hajui lolote, halafu pap! Nondo ameenda. Mbu pia. Hana kope za kufumba, kwa hivyo macho anayasafisha kwa kuyalamba na ulimi. Na vile anatembea kwenye dari si gundi. Vidole vyake vina vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vingi ajabu, na vinashika ukuta kwa mvutano tu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walipima nguvu ya unywele mmoja wa mjusi mkubwa wa Asia anayeitwa tokay. Unywele mmoja, imagini.

Sasa, ayeyo wangu hamtaki kabisa. Tulifundishwa duksi kwamba mjusi aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim, na sisi watoto tulikuwa tunashindana kumlenga na ndara. Mimi si sheikh, sitabishana na hilo hapa. Nasimulia tu kilichonipata.

Usiku mmoja ayeyo akaniita, "Warya! Njoo, yuko juu ya kitanda changu!" Nikaja na ndara. Nikakosa mwili, nikapata mkia. Ukaanguka kwenye mkeka ukaanza kurukaruka peke yake kama una roho yake. Sisi wawili tukautazama huo mkia. Tulipoinua macho, mwenyewe alikuwa ashapotea. Hiyo ndiyo kazi ya mkia: adui anababaika nao, mwenye mkia anahepa.

Unajua nilifanya nini? Nilirekodi video. Nikasema, "Mimi ni huyu mjusi. Chuo kilikuwa mkia, nimeuacha, niko hai." Laiki zikamiminika. Nikajiona mjanja.

Wiki hiyo hiyo binamu yangu wa kidato cha nne akanijia. "Bro, nimeona video yako. Mi pia naacha shule." Alisema akitabasamu, kama mtu aliyeleta habari njema. Maze, nilihisi baridi Garissa.

Nikarudi kusoma vizuri nilichokuwa nimesoma nusu. Mkia wa mjusi ni stoo yake ya mafuta. Akiuacha, anaacha akiba ya siku za njaa. Mpya unaota, ndiyo, lakini unachukua wiki nyingi, na ndani hauna mifupa ya mgongo kama ule wa kwanza. Ni gegedu tu, na mara nyingi hata sura yake ni tofauti. Na hauachi kwa raha. Anauacha akishashikwa, au akiona kifo kiko hapa.

Nikamwita binamu usiku, tukakaa chini ya taa. Mjusi akatokea, nyuma ana kikonyo kifupi cheusi. Nikamwambia, "Unaona? Huyo alikuwa anapigwa na ndara. Wewe ni nani amekushika?" Akanyamaza, kisha akasema hesabu. Hesabu tu. Sasa tunafanya hesabu pamoja Jumanne na Alhamisi, na mimi mwenyewe nimesahau nusu yake.

Ile video niliifuta. Ayeyo naye tumepatana: chumba chake ni chake, na mjusi akiingia humo namtoa na ufagio polepole hadi ukuta wa nje. Anaguna, lakini ndara ameiweka mbali.

Juzi dukani jirani alimuuliza mama nitarudi chuo lini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mfuko wa sukari. Mama akasema, "Aliacha. Yuko nyumbani, anafanya video, na anafundisha mtoto wa dada yangu hesabu." Hakusema likizo.

Tulitembea hadi nyumbani bila kuongea. Nilibeba sukari na mfuko wake pia.