Ebisu, kilima wanakojifunza kuendesha gari ubavuubavu

NJE kidogo ya mji wa Nihonmatsu, katika Mkoa wa Fukushima nchini Japani, kuna kilima chenye majirani wawili wasiofanana. Mmoja ni bustani ya wanyama iitwayo Tohoku Safari Park, ambako familia huwapeleka watoto kuona simba. Neno safari katika jina hilo ni Kiswahili hiki hiki.

Jirani wa pili ni Ebisu, uwanja wa magari wenye njia kadhaa zilizochongwa kufuata miteremko. Huko vijana kutoka nchi nyingi huenda kujifunza dirifti.

Dirifti ni kuliendesha gari huku likiteleza kwa makusudi. Pua ya gari huelekea ndani ya kona, matairi ya nyuma yanafagia kwa nje, usukani umekatwa kinyume na moshi unafuka. Mzazi anayeiona video hiyo kwenye simu ya mwanawe huona wazimu mtupu. Lakini somo la kwanza la mchezo huu hufanyika kwa mwendo ambao bodaboda yeyote angeucheka, tena kwenye lami iliyoloweshwa maji.

Safari ya kwenda huko si ngumu. Treni ya kasi kutoka Tokyo hufika Koriyama kwa takriban saa moja na nusu, kisha abiria hupanda treni ya kawaida hadi Nihonmatsu. Upande wa magharibi unasimama Mlima Adatara, volkano yenye urefu wa mita 1,700, na chini yake kuna chemchemi za maji moto zinazowafaa sana waliotoka kuumia mabega kwa kuzungusha usukani kutwa nzima. Majira ya baridi theluji hufunika njia, na wapo wanaoendelea na mazoezi juu yake. Theluji haili matairi kama lami.

Mchezo wenyewe haukuanza kwa usalama huo. Miaka ya 1970, dereva Kunimitsu Takahashi, ambaye mwaka 1961 alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za Grand Prix, alijulikana kwa kuingia kona gari likiteleza. Vijana waliomtazama walikwenda kuiga usiku kwenye barabara nyembamba za milimani. Mmoja wao, Keiichi Tsuchiya, alipata umaarufu hadi akaitwa mfalme wa dirifti.

Barabara hizo zina mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mbele ya kona anaweza kuwa anakuja mtu anayerudi kazini. Polisi walikamata, wakazi walilalamika, na hamu haikuisha. Kilichobadilika ni kupatikana kwa mahali. Mwaka 2000, mashindano ya kwanza ya madereva wa kulipwa yalifanyika Ebisu, na kutoka hapo yakazaliwa mashindano ya D1 Grand Prix. Nobushige Kumakubo, aliyeuendesha uwanja huo kwa miaka mingi, naye ni dereva, na alitwaa ubingwa wa D1 mwaka 2006.

Sasa gari. Hapa ndipo wazazi wengi hubishana na watoto wao, na mara nyingi pande zote mbili hukosea. Kijana anataka injini kubwa yenye tabo. Mzazi anataka gari jipya lenye kila kifaa cha usalama. Anayeanza hahitaji lolote kati ya hayo.

Linalotakiwa kwanza ni gari linalosukumwa na matairi ya nyuma. Katika gari la namna hiyo matairi ya mbele yana kazi ya kukata kona, na ya nyuma yana kazi ya kusukuma. Ya nyuma yakizidiwa nguvu huteleza, wakati ya mbele bado yanashika na kumtii dereva. Gari la kuvutwa na matairi ya mbele huyabebesha hayo hayo kazi zote mbili. Yakishateleza, dereva hana tena cha kuliongozea gari.

Pili, gia ziwe za mkono, maana dereva hutumia klachi kuyashtua matairi ya nyuma. Tatu, difu iwe ya kubana, yaani inayoyalazimisha matairi mawili ya nyuma kuzunguka kwa pamoja. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye tairi lililokosa mshiko, likazunguka bure peke yake huku gari likigoma kuteleza. Mafundi wenye haraka huichomelea difu ikawa kitu kimoja. Uwanjani inafanya kazi. Barabarani, hasa siku ya mvua, gari hilo linaweza kumgeuka mtu kwenye kona asiyoitegemea, na halifai kubeba watoto kwenda shule.

Nguvu ya injini ni jambo la mwisho. Toyota AE86, iliyotengenezwa kati ya 1983 na 1987, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na uzito usiofika tani moja, na ndiyo iliyolea kizazi kizima cha madereva hao. Nissan Silvia ilipendwa kwa sababu hiyo hiyo: nyepesi, rahisi kutengeneza, spea zake zilijaa kila gereji. Leo magari hayo mawili yanawindwa na wakusanyaji, na bei yake imepita akili. Mazda Roadster au Toyota 86, iliyoanza kuuzwa 2012 ikiwa na injini ya lita 2, ni chaguo la busara zaidi kwa mwenye fedha kidogo na subira.

Anayekagua gari kuukuu la Japani asianze na rangi wala rimu. Alale chini aangalie kutu, kwa kuwa maeneo ya theluji humwagiwa chumvi barabarani, na chumvi hiyo hula chuma cha chini. Aangalie pia radieta, maana gari la dirifti huchemka upesi: injini inazunguka kwa kasi ilhali gari lenyewe haliendi mbio kiasi cha kupata upepo wa kutosha.

Somo huanza na koni moja katikati ya uwanja wenye maji. Mwanafunzi analizungusha gari kuizunguka, gia ya kwanza au ya pili, mpaka aweze kushikilia duara kwa mguu wa mafuta peke yake. Akiongeza, mkia unatoka zaidi. Akiachia ghafla, matairi yanashika kwa kishindo na gari linarushwa upande wa pili. Kosa hilo hurudiwa mara nyingi, na ndiyo sababu linafundishwa mahali pasipo na ukuta wala mti.

Duara likikaa sawa, koni ya pili huongezwa na gari huchora namba nane. Hapo mwili wote unafundishwa upya. Macho yanatakiwa kutazama gari linakotakiwa kwenda, hata kama huko ni nje ya dirisha la ubavuni. Mikono inatakiwa kuuachia usukani ujizungushe wenyewe kupita kwenye viganja, kisha kuudaka. Vidole gumba visiingizwe ndani ya usukani, kwani unaporudi kwa kasi unaweza kuvivunja. Kofia ngumu, mkanda na mikono mirefu ni lazima, kwa dereva na kwa aliyekaa pembeni.

Baada ya namba nane ndipo huja kona halisi, breki ya mkono, na mwishowe kuunganisha kona moja na nyingine. Wengine huchukua siku mbili, wengine msimu mzima. Jozi ya matairi ya nyuma inaweza kuisha kwa siku moja, kwa hiyo matairi mazuri huwekwa mbele na yaliyotumika huwekwa nyuma. Kwenye hesabu za familia, matairi ndiyo yatakayokula fedha.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lipo karibu kuliko linavyoonekana. Toyota Mark II, Chaser, Altezza na Mark X zilizoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa nyingi ni za kusukumwa na matairi ya nyuma. Vijana wanalijua hilo, na wengine hulijaribu gari la baba kwenye barabara mpya ya mtaa, usiku, likiwa na matairi kipara. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Kuna hoja kwamba aliyejifunza kuteleza atakuwa salama zaidi barabarani. Isipokelewe haraka. Watafiti wa Norway waliwahi kubaini kuwa vijana wa kiume waliopewa mafunzo ya kuteleza walipata ajali za namna hiyo zaidi, kwa kuwa walitoka na ujasiri uliozidi ujuzi wao. Ebisu inatoa mahali pa kukosea bila kumgonga mtu, na hilo lina thamani yake. Haimpi mtu leseni ya kuingia kona za mtaani kwa kasi.

Mzazi anayeombwa fedha za mafunzo haya, popote yanapotolewa, aulize mambo machache kabla ya kuuliza aina ya gari. Kuna umbali gani kutoka njia hadi ukuta? Nani yuko tayari na kizimamoto? Watazamaji wanasimama wapi? Hospitali ya karibu iko umbali gani? Akitaka kuelewa zaidi, viwanja kama Ebisu huwabeba abiria kwenye gari linaloendeshwa na mtaalamu. Avae kofia ngumu, afunge mkanda, na chakula cha mchana kisubiri mpaka atakaposhuka.