Kilobaiti 32

Sisi tuliofika Uingereza kusoma mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliikuta nchi nzima imeshikwa na homa ya kompyuta. BBC, shirika ambalo nyumbani tulilijua kwa taarifa za habari za Idhaa ya Kiswahili, lilikuwa limeamua kuwafundisha watu wake mashine hizo kwa njia ya televisheni, nalo lilitaka kompyuta yake yenyewe ya kufundishia. Kazi ya kuitengeneza ilipewa Acorn, kampuni ndogo ya mjini Cambridge. Kompyuta ikatoka Desemba 1981, vipindi vikaanza kurushwa Januari. Shule zilizoinunua zililipiwa nusu ya bei na serikali, na ndiyo sababu shule ya sekondari niliyokuwa nikisaidia maabara yake jioni, mimi mwanafunzi wa umeme kutoka Tanga, ilikuwa na BBC Micro.

Ilikuwa kisanduku kizito cha rangi ya maziwa, kibodi ikiwa humo humo, na safu ya juu ina vitufe vyekundu. Ukiiwasha ilitoa mlio, kisha skrini ikaandika jina lake na ukubwa wa kumbukumbu: kilobaiti 32. Basi, hizo tu. Ukitaka michoro safi kuliko yote, skrini peke yake ilichukua kilobaiti 20 kabla hujaandika mstari hata mmoja, na kilichobaki uligawana na mfumo wenyewe.

Namkumbuka sana msichana mmoja wa darasa la fizikia. Nyuma ya mashine palikuwa na tundu la kuunganishia vipimo, akachomeka kipimajoto na kutumbukiza ncha yake katika kopo la maji moto. Grafu ilijichora mbele ya macho yetu huku maji yakipoa. Kabla hayajapoa vya kutosha, programu ikasimama: nafasi imekwisha. Mwalimu hakumwambia la kufanya. Alimwekea mezani kitabu cha mwongozo, akaondoka. Msichana akasoma hadi akagundua kwamba kila kipimo kilikuwa kinakula baiti tano, kwa kuwa mashine ilikihifadhi kama namba yenye desimali. Joto la maji halizidi nyuzi 100, na namba nzima ya namna hiyo inaenea katika baiti moja. Akaandika upya. Grafu ikafika mwisho, na nafasi ikabaki.

Mashine ile haikumficha kitu. Lugha yake ya BASIC, iliyoandikwa na Sophie Wilson wa Acorn, ilikuruhusu kufungua mabano ya mraba katikati ya programu na kuanza kuamuru kichakataji chenyewe, amri moja baada ya nyingine. Mtoto wa miaka kumi na minne angeweza kushuka hadi chini kabisa, akajua kila baiti imekaa wapi. Ufinyu ulimlazimisha kushuka, na mlango ulikuwa wazi.

Miaka ile hatukujua kwamba kule Cambridge wabunifu wa mashine hiyo walikuwa wakiishi kwa tabia hiyo hiyo. Wilson na mwenzake Steve Furber walitafuta kichakataji cha kompyuta itakayofuata, hawakupata cha kuwaridhisha, wakaamua kukibuni wenyewe. Walikuwa wametembelea kampuni moja ya Arizona, wakaona kwamba watu wachache tu wanaweza kubuni chipu. Mkuu wao, Hermann Hauser, amesema mara nyingi kwamba aliwapa vitu viwili ambavyo washindani hawakuwapa watu wao: ukosefu wa fedha na ukosefu wa watu. Wakalazimika kufanya kitu chepesi. Mfano wa chipu hiyo waliujaribu kwanza kwa programu iliyoandikwa kwa BASIC ya BBC Micro.

Tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ilifika kutoka kiwandani, ikaunganishwa na BBC Micro, ikafanya kazi. Waliiita ARM. Ilikuwa na transista kama 25,000, chache mno hata kwa wakati ule. Walitaka isipate joto ili iingie katika kifuniko cha plastiki cha bei nafuu badala ya cha kauri. Furber alipopima umeme inaotumia, kipimo kilisoma sifuri. Akakuta njia ya umeme kwenye bodi haijaunganishwa kabisa: chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme kidogo uliokuwa ukipenya kupitia nyaya za mawasiliano. Mimi kama fundi wa umeme, kila nikilifikiria jambo hilo nasisimka.

Hakuna aliyewaza simu. Ila simu inaishi kwa betri, na ilipohitaji kichakataji kisichokula umeme mwingi, kilikuwa tayari. Mwaka 1990 ARM ikawa kampuni, Apple ikiwa miongoni mwa wabia, wahandisi kumi na wawili wakifanya kazi katika ghala la shamba nje ya Cambridge. Mwaka 1997 ikaja Nokia 6110, simu yenye kichakataji cha ARM. Ilipoanza M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka uliofuata, vichakataji vya ukoo huu vilikuwa vimeshaenea kwenye simu za mkononi duniani kote. Kwa huduma hiyo watu husifu mabenki na minara. Mimi nawasifu pia wale wawili waliohesabu transista.

Kinachoniuma ni kwamba chipu ilisafiri, mlango ukafungwa. Kijana wa leo ana mfukoni mashine yenye nguvu mara maelfu kuliko ile ya maabara, na hawezi kuigusa ndani. Ndiyo maana nilifurahi mno mwaka 2012, Eben Upton na wenzake wa Cambridge walipotoa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye kichakataji cha ARM, wakaziita za kwanza Modeli A na Modeli B kwa heshima ya BBC Micro, iliyotumia majina hayo hayo. Nimempelekea moja binti wa dada yangu, Tanga. Nimemwekea RISC OS, mfumo uliotokana na Acorn, ambao ndani yake BASIC ya Wilson bado ipo. Wiki iliyopita alinipigia: “Mjomba, haya mabano ya mraba ni ya nini?” Tukakaa kwenye simu hadi salio lake likaisha, nikampigia mimi, tukaendelea.