Seymour, Mji wa Mwimbaji Aliyelikomboa Jina Lake

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Apendaye kuona jinsi neno hilo lilivyotimia hata katika nchi ya mbali, na aende Seymour, mji mdogo ulio kusini mwa jimbo la Indiana, nchini Marekani.

Msafiri atokaye Indianapolis, makao makuu ya jimbo hilo, huelekea kusini kwa mwendo wa kilomita 100 hivi. Kulia na kushoto ni mashamba ya mahindi na soya. Mji wenyewe ni mtoto wa reli: ulianzishwa mwaka 1852 mahali zilipopishana njia mbili za gari la moshi. Mwaka 1866 jina lake lilivuma kwa ubaya, kwani karibu na hapo ndugu wa ukoo wa Reno walilipora gari la moshi likiwa safarini. Leo watu huutaja zaidi kwa sababu ya mwimbaji.

Mwimbaji huyo ni John Mellencamp. Alizaliwa Seymour mwaka 1951 na kasoro ya uti wa mgongo, akapasuliwa na waganga angali kichanga, akapona. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kufunga simu majumbani, na usiku alipiga gita. Hatimaye alikwenda New York kutafuta riziki ya muziki, akampata meneja mwenye sifa kubwa.

Mwaka 1976 ilitoka santuri yake ya kwanza, aliyoipa jina la Chestnut Street, barabara ya kwao Seymour. Barabara ilikuwa yake, lakini jina la mwimbaji halikuwa lake. Juu ya jalada paliandikwa "Johnny Cougar", yaani jina la mnyama wa mwituni wa jamii ya paka. Mwenyewe ameeleza kwamba hakuwa na habari mpaka alipoliona jalada. Meneja alidhani kwamba jina la ukoo, lenye asili ya Kijerumani, lisingeuzika sokoni. Santuri haikununuliwa, na kampuni ikaachana naye.

Lakini haki itendeke: baadaye jina hilo la kupachikwa ndilo lililomletea neema. Mwaka 1982 santuri yake "American Fool" ilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Hapo ndipo alipokuwa na nguvu ya kujadiliana na wenye mali. Mwaka 1983 aliliongeza jina la baba yake, akawa John Cougar Mellencamp. Mwaka 1991 lile la mnyama likaondoka kabisa. Ilimchukua miaka 15 kurudishiwa kile alichopewa bure siku ya kuzaliwa.

Kadiri alivyolikaribia jina lake, ndivyo nyimbo zake zilivyokikaribia kijiji. Hakuhamia mji mkubwa. Alikaa karibu na Bloomington, si mbali na Seymour, na studio akaijenga katika wilaya jirani. Siku moja, akirudi nyumbani kutoka uwanja wa ndege wa Indianapolis, alimwona kando ya barabara kuu mzee mweusi ameketi mbele ya nyumba ya rangi ya waridi. Kutokana na mzee huyo alitunga "Pink Houses", wimbo unaohoji ahadi ambazo taifa hilo huwapa wanyonge wake.

Wakati huo wakulima walikuwa taabuni. Katika miaka ya 1970 walihimizwa kukopa ili wapanue mashamba. Ilipoingia miaka ya 1980, riba ilipanda, bei za mazao na ardhi zikaanguka, na mashamba yaliyorithiwa tangu enzi za mababu yakanadiwa. Santuri "Scarecrow" ya mwaka 1985 ilibeba kilio hicho. Mwaka huo huo, pamoja na Willie Nelson na Neil Young, Mellencamp aliandaa tamasha la Farm Aid huko Champaign, Illinois, kuwachangia wakulima wadogo. Mwaka 1987 yeye na Nelson walifika mbele ya Bunge kuwatetea. Mwaka huo santuri yake "The Lonesome Jubilee" ilichanganya magita ya umeme na fidla, kodiani na banjo, ala za wazee wa mashambani.

Katika mji wa Seymour, kwenye ukuta wa duka la magita, mwaka 2019 ilichorwa picha kubwa ya mwimbaji huyo. Sura ni mbili: moja ya kijana, nyingine ya mzee. Ndugu msomaji, nawe huenda uliondoka kwenu zamani ukitafuta kazi, na huenda kiwandani au ofisini wanakuita kwa jina walilokupa wao. Ukizitazama sura hizo mbili utajua kwamba aliyeondoka na aliyerudi ni mtu yule yule, na kwamba wa kwao hawakuhitaji kuuliza jina lake.