Kilimani Berkeley, Kwenye Chuo cha Zaytuna

Kaskazini ya Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, pana kilima ambacho wenyeji wamekiita Kilima Kitakatifu kwa wingi wa seminari za Kikristo. Tulikipanda kwa miguu ili tukione chuo cha Zaytuna, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2010 na kupata ithibati mwaka 2015, cha kwanza cha Kiislamu kuipata nchini Marekani.

Mzazi atakayetafuta hapa orodha ndefu ya fani hataipata. Shahada ya kwanza ni moja, na wote husoma mtaala mmoja: Kiarabu, fiqhi na itikadi, pamoja na nahau, mantiki, balagha, hesabu na elimu ya nyota. Wamagharibi huyaita haya sanaa huria. Nahau na balagha, hata hivyo, si ngeni kwa waliokaa kwenye darasa za masheikh wetu wa Lamu na Unguja. Jipya ni kuyakuta yakisomwa bega kwa bega na falsafa ya Wayunani, kwa shahada yenye ithibati.

Je, kijana atakula nini? Swali hili lina haki yake, kwani ada za Marekani ni nzito. Sisi tungempeleka anayependa kusoma na kuhoji, awe mwalimu, mwanasheria au mwandishi. Mwenye hamu ya uhandisi asilazimishwe. Chuo kikubwa kipo hapo chini ya kilima, mwendo wa dakika chache.